Mbunge wa Blackburn na damu ya Hola

Machi 3, 1959, mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Tana River, baada ya kugoma kufanya kazi ya sulubu. Serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji.

Barbara Castle, mbunge wa Blackburn kwa tiketi ya Labour tangu 1945, alikuwa miongoni mwa waliosimama bungeni London kudai ukweli. Tayari mwaka 1955 alikuwa amefunga safari hadi Kenya kuchunguza kifo cha Mwafrika aliyeteswa mikononi mwa polisi. Hapakuwa na kura hata moja ya kuvuna huku.

Waingereza humkumbuka kwa kipimo cha ulevi kwa madereva, na kwa sheria ya 1970 ya malipo sawa kwa wanawake. Ni kazi kubwa. Kwetu, ujasiri wake kuhusu Hola unastahili nafasi katika vitabu vya shule za Kenya. Fidia kwa manusura 5,228 wa mateso ya kikoloni ilitangazwa 2013. Castle alikuwa ameshafariki miaka 11 nyuma, na wengi wa walioteswa pia.