Bundi wa Nzwani na kuni za langilangi

Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna mtaalamu wa ndege aliyemtia machoni bundi wa Nzwani, kisiwa kimojawapo cha Komoro. Alichukuliwa kwa ajili ya makumbusho mwaka 1886, kisha kimya. Wengi walishamhesabu kuwa marehemu, hadi mwaka 1992 mtafiti Roger Safford alipomkuta hai katika msitu uliosalia kwenye miteremko ya juu ya kisiwa. Ni ndege mdogo, sentimita 22 hivi toka mdomo hadi mkia, na halii kama bundi wanaowatisha watoto huku bara. Hupiga mluzi mrefu wa kuvuta, ambao mgeni angedhani ni wa ndege wa ufukweni.

Nchi ya Komoro ina bundi watatu wa jamii hiyo, kila mmoja na kisiwa chake. Wa Ngazija anaishi kwenye miteremko ya Karthala, volkano hai yenye urefu wa mita 2,361, na wanasayansi walimfahamu mwaka 1958 tu. Wa Mwali amechelewa zaidi: alipewa jina la kisayansi mwaka 1998. Maore, iliyo chini ya Ufaransa, nayo ina wake. Bahari inayowatenganisha si pana, lakini kwa bundi wa msituni imetosha kuwafanya wasichanganyike, hata kila mmoja akawa na sauti yake.

Wako na ndege wengine. Kuna chozi wa Nzwani, na kuna ndege wa kijani mwenye duara jeupe machoni ambaye hapatikani popote duniani ila kwenye vichaka vya juu kabisa vya Karthala. Huyo wa mwisho akikosa kichaka chake hana pa kupanda tena. Juu yake ni majivu na kreta.

Ukitajwa uharibifu wa misitu ya Komoro, kidole huelekezwa haraka kwa mkulima mwenye panga. Ni kweli anafyeka. Nzwani ina kilomita za mraba 424 na watu zaidi ya 700 katika kila kilomita, kwa hiyo migomba na mihogo imepanda hadi kwenye makorongo ambako hata mbuzi angefikiri mara mbili. Lakini lawama hiyo inamsahau mteja mmoja aliye mbali sana na panga: mnunuzi wa manukato.

Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mafuta ya langilangi duniani, na sehemu kubwa hutoka Nzwani. Maua huchumwa alfajiri, zaidi na wanawake, kwenye miti iliyokatwa na kupindwa ili matawi yabaki usawa wa mkono. Siku hiyohiyo huingizwa kwenye mtambo, maji yakachemshwa chini, mvuke ukapita katikati ya maua na kupozwa ukawa mafuta. Matone ya saa za mwanzo ndiyo yenye bei. Hayo huishia kwenye chupa za manukato ya kifahari. Yanayofuata ni ya daraja la chini, na ya mwisho huenda kwenye sabuni. Ili kuyapata yote, moto huwaka saa nyingi mfululizo, mara nyingine tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Na moto huo ni wa kuni.

Hapo ndipo hesabu inapokosa haki. Anayechuma analipwa ujira mdogo, mwenye mtambo ananunua kuni kwa bei ya kijijini, na gharama ya mti uliokatwa haionekani kwenye ankara yoyote ya Ulaya. Inaonekana Nzwani kwenyewe, ambako mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Bundi anapoteza tundu la kutagia, mama wa kijiji anapoteza maji. Msitu ni mmoja.

Dawa zinajulikana, wala si za ajabu. Kuna matanuri yaliyoboreshwa yanayotumia kuni chache zaidi kwa kazi ileile. Kuna shirika la Dahari, lenye makao yake Nzwani, linalofanya kazi na wakulima kulinda udongo, vyanzo vya maji na viumbe wa msitu, akiwemo popo mkubwa wa Livingstone, ambaye naye ni wa Nzwani na Mwali tu. Na Mwali, kisiwa kidogo kuliko vyote vitatu, kilianzisha hifadhi ya bahari mwaka 2001 kwa kuvishirikisha vijiji. Mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kuwa hifadhi ya biosfia. Kinachokosekana ni fedha za kudumu, na fedha hizo zimo ndani ya chupa ya manukato.

Serikali ya Komoro ina nguvu moja ambayo haihitaji mfadhili: mafuta hayo hupita bandarini mwake. Iweke sharti kwamba hakuna shehena ya langilangi itakayosafirishwa bila uthibitisho kwamba imetengenezwa kwa tanuri lililoboreshwa na kuni za kupandwa, na tofauti ya gharama ailipe mnunuzi, si mchumaji.