Tumeshika Kichupa, Tumeacha Kipimo

Anayetaka kujua watu wa Mji wa Kale wa Mombasa wanaugua nini siku hizi, hana haja ya kwenda hospitali kuuliza. Na akae barazani baada ya sala ya Isha, asikilize. Huyu amuuliza mwenziwe sukari yake imefika ngapi. Yule aeleza presha ilivyompanda juzi. Wa tatu atoa mfukoni kichupa cha unga wa mitishamba, ati kimemponya shemeji yake. Kichupa chapita mkono kwa mkono, kila mtu akinusa. Na nyuma ya kichupa yapita sinia ya kaimati, na chai iliyokolea sukari.

Kichupa na sinia kupita pamoja, hilo ndilo tutakalo kulizungumza leo. Sisi watu wa pwani tumerithi elimu kongwe ya kujikinga na maradhi. Sehemu yake imetoka Bara Hindi, na sehemu imetoka kwa matabibu wa Kiislamu, na zote mbili zimekutana jikoni mwetu. Lakini katika urithi huo tumechukua lililo jepesi, nalo ni dawa ya kulamba, tukaliacha lililo zito, nalo ni kipimo cha kula na utaratibu wa siku.

Tuanze na asili. Wahindi huiita elimu yao Ayurveda, maneno mawili ya Kisanskriti yenye maana ya elimu ya uhai. Vitabu vyake vikuu vya kale ni cha Charaka na cha Sushruta. Lengo lake la kwanza ni kumhifadhi aliye mzima asiugue; kumtibu mgonjwa huja baadaye. Yasema kwamba mwili huendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha. Zikiwa sawa mtu huwa na siha, na moja ikizidi huugua.

Wako watakaouliza: Mwislamu ana haja gani na elimu ya Wahindi? Jawabu ni kwamba waliotutangulia walikwisha kulijibu swali hilo. Katika zama za Abbasi, vitabu vya utabibu vya Kihindi vilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad. Mwaka 850 Ali bin Rabban at-Tabari alipokitunga kitabu chake Firdaus al-Hikma, alitenga sehemu nzima kuyaeleza mafunzo ya matabibu wa Kihindi. Dawa maarufu ya Wahindi iitwayo triphala, mchanganyiko wa matunda matatu, iliingia katika vitabu vya Waislamu kwa jina la itrifal. Na Ibn Sina, tangu mwanzo wa Al-Qanun aliyoikamilisha yapata mwaka 1025, aliitaja kazi ya utabibu kuwa ni kuihifadhi siha iliyopo na kuirejesha iliyoondoka. Angalieni ipi imetangulia.

Kwetu sisi, elimu hizo zilifika kwa jahazi pamoja na kaskazi. Neno letu pilipili asili yake ni Kisanskriti. Mwarobaini, mti tuuaminio kwa maradhi arubaini, kwao ni Bara Hindi. Manjano, iliki, tangawizi na uwatu ni vitu ambavyo bibi zetu walivijua kuwa ni viungo na dawa kwa wakati mmoja. Nao walijua tabia nne: hari, baridi, yabisi na rutuba. Profesa Marc Swartz, Mmarekani aliyekaa na Waswahili wa Mombasa akiwatafiti, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1991. Bibi hakuhitaji profesa. Alijua tende ni hari na tikiti ni baridi, na kwamba Mtume (S.A.W.) alivila pamoja ili hiki kiivunje nguvu ya kile.

Sayansi ya leo haizikubali nguvu tatu za Wahindi wala tabia nne zetu kama maelezo ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Lakini walioziamini walifuata adabu fulani ya kuishi, na adabu hiyo ndiyo ambayo madaktari wa leo wanatusihi tuirudie.

Chukueni habari ya tumbo. Charaka alifundisha kwamba mlaji aligawanye tumbo lake mafungu matatu: fungu la chakula kigumu, fungu la vinywaji, na fungu liachwe wazi kwa zile nguvu tatu zifanye kazi yake. Msomaji aliyepitia chuoni ameshashtuka. Imepokewa kutoka kwa Miqdam bin Maadikarib, katika Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alitufundisha tutosheke na matonge machache ya kuusimamisha mgongo, na ikiwa hapana budi ya kuzidi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Watu wa dini mbili, katika nchi mbili, wamelifikia fundisho moja.

Iko pia ile kauli mashuhuri kwamba tumbo ni nyumba ya maradhi na kujizuia ndiko kichwa cha dawa. Wengi huitaja kuwa ni hadithi. Ibn al-Qayyim alieleza kwamba si maneno ya Mtume bali ni ya Harith bin Kalada, tabibu wa Waarabu. Hata hivyo maana yake ni sahihi, na Kurani yenyewe imetuamrisha kula na kunywa bila ya israfu.

Sasa tujiulize: theluthi ya pumzi imekwenda wapi? Tuhesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isifikie sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwa chakula, na bora zaidi ishuke hadi nusu ya kiwango hicho, yaani kiasi cha vijiko 6 vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takriban vijiko 8. Mtu anywaye vikombe vinne vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kutia vijiko 12 kabla hajagusa halua wala kaimati. Chumvi nayo isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa siku nzima. Na hapo hatujataja achari wala papa mkavu.

Haya si maneno ya kuwatisha watu. Uchunguzi wa taifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamepata kupimwa hata mara moja. Presha haipigi hodi. Humla mtu figo na moyo kimyakimya, na siku ya kujitambulisha huja na kiharusi. Sukari nayo ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Mtu hukanyaga msumari asisikie. Kidonda hukaa kisipone. Mwisho wake ni mguu kukatwa.

Na hapa tuitazame desturi yetu nyingine. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba kwenye milango ya misikiti palikuwa na visima, na kila aingiaye huchota maji akaosha miguu yake kisha akaipangusa. Tangu wakati huo hadi leo miguu yetu huoshwa mara tano kwa siku. Mwenye sukari anaambiwa na daktari aikague miguu yake kila siku, aangalie nyayo na baina ya vidole, aikaushe vizuri. Ni nani duniani aliye na nafasi bora ya kulifanya hilo kuliko mtu wa udhu? Lakini wangapi tunaosha bila ya kutazama?

Msafiri huyo huyo alisema chakula cha watu wa Mombasa kilikuwa ndizi na samaki. Aliwataja pia watu wa Mogadishu, akastaajabu kwamba mmoja wao hula chakula cha kundi zima, na kwamba miili yao ilikuwa minene kupita kiasi. Leo akirudi, sijui angeandika nini juu yetu.

Aliona hapa pia tunda mfano wa zaituni, tamu sana, akaliita jammun. Wengi wanaona kuwa ndiyo zambarau. Mbegu zake husagwa na watu wa Ayurveda kuwa dawa ya sukari, na unga wake ni miongoni mwa vinavyotiwa katika vile vichupa. Basi watafiti wa Brazil waliichukua chai ya majani ya mti huo huo wakawapa wagonjwa wa sukari, na wengine wakawapa kidonge cha hospitali. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004 ni kwamba kidonge kilishusha sukari, chai haikushusha. Zambarau ni tunda zuri, na tulile. Lakini kuacha kidonge kwa sababu ya zambarau ni kuacha mbachao kwa msala upitao.

Na kuna vichupa vyenye madhara yake wenyewe. Mwaka huo huo wa 2004 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya mji wa Boston, wakazipima, na 14 kati yake zikakutwa na risasi, zebaki au arseniki. Baadhi ya dawa hizo hutiwa madini kwa makusudi, kwa mujibu wa tawi moja la elimu hiyo. Figo ambazo tayari zimechoshwa na sukari haziwezi kubeba mzigo wa zebaki. Hatusemi kila kichupa ni sumu. Twasema dawa isiyojulikana imetengenezwa na nani na kwa nini, haifai kumezwa kwa sababu tu jamaa wa barazani ameapa.

Basi urithi wenyewe ni upi? Ibn Butlan wa Baghdad, katika Taqwim as-Sihha aliyoiandika karne ya kumi na moja, aliyataja mambo sita ambayo siha haisimami bila ya kuyapima: hewa; chakula na kinywaji; mwendo na mapumziko; kulala na kuamka; kinachotoka mwilini na kinachobaki; na hali ya nafsi, yaani hasira, huzuni na furaha. Wahindi nao wana utaratibu wao wa kila siku waitao dinacharya: kuamka kabla ya jua, kusafisha meno kwa kijiti, kujipaka mafuta, kuuchosha mwili kidogo, kula kwa wakati. Mwislamu aamkaye alfajiri, akapiga mswaki, akatia udhu, akaenda msikitini kwa miguu, ameshaifuata nusu yake kabla jua halijachomoza. Ubaya ni kwamba twarudi tukalala, kisha twapanda tuktuk kutoka Kibokoni kwenda Marikiti. Madaktari wanashauri mwendo wa haraka wa dakika 150 kwa juma. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano, na Mji wa Kale mtu mwenye afya huukata kwa muda mfupi kuliko huo.

Chakula nacho si lazima kitoke dukani kwa mbwembwe. Mchicha, mnavu, mchunga, kunde, mbaazi, samaki wa kupaka au wa mchuzi, ndizi, ukwaju usiotiwa sukari: vyote viko Marikiti, na vingi ni rahisi kuliko kuku wa kukaanga na soda. Nazi na wali si adui. Adui ni sahani ya pili.

Kazi ni yetu sote. Akina mama, wenye mamlaka ya jikoni, wapunguze sukari ya chai kijiko kimoja kwa mwezi, ulimi utazoea. Maimamu, kila Shaabani ifikapo, wawakumbushe watu kwamba futari si kisasi cha njaa ya mchana, na kwamba mwenye kutumia dawa amuone daktari kabla ya kufunga. Kamati za misikiti ziwaalike wauguzi wapime presha na sukari uani baada ya sala ya Ijumaa, siku ya wanaume na siku ya wanawake. Wauza dawa za mitishamba, ambao wengi ni watu wema, wamwambie kila mnunuzi asiache vidonge vyake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya jadi hapa Kenya, na heshima hiyo huja na dhamana. Nayo serikali ya kaunti ituhifadhie mahali pa wazi pa kutembea, Makadara na ufukoni Mama Ngina, na pawe salama kwa wanawake na wazee asubuhi na jioni.

Siha ni amana, na kila mmoja wetu ataulizwa juu ya mwili wake ameutumia katika nini. Kichupa hakiwezi kumjibia mtu swali hilo. Usiku wa leo, chakula kikipakuliwa, na tuanze kwa jambo moja lisilogharimu hata senti: tuinue mkono kutoka sahanini kabla tumbo halijajaa.