Ekzosi ya Kishindo: Tufikiri Kabla ya Kuifunga



Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine watasema halihusu ukurasa wa afya. Nalo ni bomba la kutolea moshi la gari, ambalo sote tunaliita ekzosi, na hasa ile iitwayo ekzosi ya michezo. Familia nyingi katika parokia zetu sasa zina gari, au zinaweka akiba ili zipate gari. Na gari likishapatikana, hasa kama mwenyewe ni kijana, swali hufuata upesi: je, nibaki na ekzosi iliyokuja na gari, au niongeze fedha nifungiwe ile inayonguruma?

Kuna namna mbili za kuipata. Ya kwanza ni ya kiwandani. Mtu anayenunua gari jipya kabisa, hasa yale ya bei kubwa ya Ulaya, huulizwa kama anataka ekzosi ya michezo kwa malipo ya ziada. Mara nyingi hiyo huwa na kilango ndani ya bomba na kitufe mbele ya dereva. Akibonyeza, kilango hufunguka na gari linanguruma. Akibonyeza tena, gari linatulia. Kiwanda kimeipima kabla ya kuiuza. Namna ya pili ndiyo ya kwetu. Gari limetoka Japani, limetembea huko miaka kadhaa, lakini kwa aliyelinunua ni jipya. Linapelekwa gereji, kizuia sauti kinakatwa, na bomba pana linachomelewa mahali pake. Hii ya pili ndiyo inayonihangaisha.

Maoni yangu nayasema mapema ili asiye na muda asihangaike kutafuta: kwa gari la familia, usiifunge.

Injini haitoi moshi kwa mtiririko mmoja kama maji ya bomba. Huutema kwa mipigo, maelfu ya mipigo kila dakika, na kila mpigo ni kama mlipuko mdogo. Kizuia sauti ni kopo la chuma lenye vyumba na mabomba yenye matundu. Mawimbi ya sauti huingia humo, hugongana, hupoteza nguvu, na kinachotoka nyuma ni mvumo tu. Ufundi huu si mpya. Mwaka 1897 huko Marekani, Milton Reeves na ndugu yake walipewa hataza ya kizuia sauti cha injini. Yaani watu waligundua mapema kabisa kwamba injini isiyozibwa mdomo haiwezi kuishi pamoja na binadamu.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60. Lakini desibeli hazihesabiki kama kilo za sukari. Zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa imeongezeka maradufu. Ndiyo maana wataalamu wa afya kazini husema mtu anaweza kukaa kwenye desibeli 85 kwa muda wa saa 8, lakini kwenye desibeli 100 dakika 15 zinatosha kwa siku nzima. Kule Ulaya, kanuni zilizoanza mwaka 2024 zinataka gari dogo la kawaida la aina mpya lisizidi desibeli 68 likipimwa linapopita barabarani. Ekzosi iliyokatwa kizuia sauti hupita desibeli 100 bila shida, ukisimama karibu na mdomo wake. Na ni nani husimama hapo? Ni fundi, na ni watoto wa mtaa wanaokuja kushangilia wakati gari linakanyagiwa mafuta.

Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojikunja kama konokono, na humo mna seli zenye vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyotuwezesha kusikia. Sauti kubwa huviinamisha, kama upepo unavyolaza mpunga. Vikipumzika, huinuka tena. Lakini vikipigwa mara kwa mara hufa, na vikifa haviota tena. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Dalili ya kwanza ni mlio masikioni baada ya safari. Baadaye mtu anaanza kuomba arudiwe maneno, na wengi hudhani watu wengine wameanza kusema kwa kunong'ona.

Huenda mtu akasema, mimi nakaa mbele na madirisha nimefunga. Ni kweli, mbele ni afadhali. Lakini kopo la mwisho la ekzosi liko nyuma, chini ya buti, karibu na kiti cha nyuma, na huko ndiko tunakowaweka watoto. Tena ekzosi nyingi za namna hii zina mwendo fulani ambao gari zima huanza kuvuma kwa sauti nzito isiyokoma, na mara nyingi huo ndio mwendo wa safari ndefu. Dereva anachoka kichwa bila kujua kinachomchosha. Mtoto mchanga analia, anapewa maji, anabadilishwa nepi, wala sababu haionekani.

Sasa niseme juu ya wale walio nje ya gari, maana hao hawakuulizwa maoni.

Hospitali nyingi za misheni zilijengwa zamani, wakati barabara ilikuwa ya vumbi na gari lilipita moja kwa siku. Leo lami inapita karibu na wodi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilisema kelele katika wodi usiku zisizidi wastani wa desibeli 30, na hata sauti ya ghafula isipite 40. Nasi tuna kibao barabarani kinachoomba kimya.

Chukueni mgonjwa wa pepopunda. Kwa ajili ya chanjo wamepungua sana, lakini bado wanakuja, hasa wanaume waliokanyaga msumari au kujikata shambani wasitibiwe vizuri. Mgonjwa huyu tunamlaza katika chumba chenye giza, tunatembea kwa soli laini, tunasema kwa sauti ya chini. Si heshima tu. Mwili wake umejaa sumu inayoifanya misuli ikaze kwa kitu kidogo sana: mwanga, kuguswa, mlio. Usiku mmoja nikiwa zamu, gari lilisimama nje ya ukuta wetu, mwenye nalo akakanyaga mafuta mara tatu au nne, ekzosi ikapiga kama bunduki. Mgonjwa wangu alikaza mgongo ukawa kama upinde, meno yakasagana, na pumzi ikasimama. Tulimpa dawa, tulimpa oksijeni, akarudi. Aliyekuwa barabarani aliondoka zake na hatajua kamwe.

Mama mwenye kifafa cha mimba naye anahitaji utulivu wa namna hiyo hiyo. Na kuna kazi nyingine za kimya kimya ambazo watu hawazifikirii. Mkunga anaposikiliza moyo wa mtoto tumboni, katika hospitali nyingi bado anatumia ile pembe ndogo ya mti au ya bati, anaweka sikio upande mmoja na tumbo la mama liko upande wa pili. Anahesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa kati ya 110 na 160, anashukuru. Yakishuka chini ya hapo wakati wa uchungu, ni lazima amwite daktari mara moja. Ekzosi ikipita katikati ya hesabu, anaanza upya. Ikipita tena, anaanza tena. Dakika mbili au tatu kwa mtoto anayekosa hewa si kitu kidogo. Vivyo hivyo kupima shinikizo la damu kwa masikio: mlio tunaoutafuta ni mdogo kuliko tiki ya saa ya mkononi.

Basi sauti peke yake ingetosha, lakini kuna jambo la pili ambalo naliogopa zaidi, nalo halina sauti. Katika moshi wa gari mna hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili unakosa hewa huku mtu anaendelea kupumua kama kawaida. Anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anatapika, anasinzia. Katika nchi yetu, mwenye dalili hizo anaambiwa ana malaria. Mama mjamzito akiivuta, hupita hadi kwa mtoto, na mtoto ndiye anayeumia zaidi.

Ekzosi ya kiwandani imefungwa kwa gasketi na boliti zilizopimwa. Fundi wa mtaani akikata na kuchomelea, anaweza kuacha ufa mdogo kama unywele. Gari linatikisika kwenye mashimo, ufa unakuwa mkubwa, moshi unapenya chini ya sakafu na kuingia ndani. Tena wengi wakifika hapo huondoa na lile chujio la moshi ambalo ndani yake liko kama sega la nyuki, na ndiyo sababu mafundi huliita masega. Huliuza, maana lina madini ya thamani kama platini. Mwenye gari anaambiwa kwamba sasa gari litapumua vizuri. Ukweli ni kwamba kazi ya masega ilikuwa kuipunguza hewa hiyo ya sumu kabla haijatoka.

Mtoto wa dada yangu alikuja nyumbani mwaka uliopita, gari likiwa bado melini.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Habari za gari?"

Akanionyesha picha ya mabomba mawili yanayong'aa, akaniomba maoni, ingawa nilijua alitaka baraka tu. Akasema, "Mama mkubwa, gari bila mlio ni kama friji." Nilicheka kweli. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba, anakuja kliniki kwetu. Nilimwuliza swali moja: mtoto atakaa wapi ndani ya gari? Akasema nyuma. Nikamwambia, basi fedha hiyo inunue kiti cha mtoto, na itakayobaki ikanunue matairi. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka lilipotengenezwa. Gari likifika, yeye mwenyewe alizisoma akanyamaza. Mtoto amezaliwa, kiti kipo, na ekzosi ni ile ile ya Japani, ingawa mkewe ananiambia ile picha bado iko kwenye simu.

Siwadharau vijana hawa. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi kabla hajapata gari lake la kwanza ana haki ya kulifurahia, na furaha ni sehemu ya afya. Naelewa pia kwamba mlio mzuri wa injini ni kama muziki kwa anayeupenda. Ila hoja mbili wanazozileta sizikubali. Wanasema gari linapata nguvu. Kwa gari la kawaida ambalo halikubadilishwa kitu kingine, nguvu inayoongezeka ni ndogo sana. Kinachoongezeka ni kelele, na sikio linamdanganya dereva kwamba anakwenda kasi. Wanasema pia kwamba kelele huwaonya waenda kwa miguu. Lakini mdomo wa ekzosi unatazama nyuma, na anayegongwa yuko mbele. Kwa kazi hiyo gari lilipewa honi.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya sheria ya mazingira. Lakini askari hawezi kusimama kila kona, na mimi nisingependa mtu atii kwa kuogopa faini tu.

Kwa mwenye uwezo wa kuagiza gari jipya lenye ekzosi ya kiwandani yenye kitufe, sina ugomvi mkubwa naye. Akifunge kilango mjini na karibu na shule, kanisa na hospitali, na kitufe kisiachiwe watoto.

Na wale ambao tayari wamekwisha kufungiwa ya gereji, fanyeni hivi juma hili. Asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie fundi achunguze viungo vyote vya bomba. Penye masizi meusi pembeni ya kiungo, moshi unavuja. Msiwashe gari ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache. Mkiwa safarini, kama watu wawili au zaidi wanaumwa kichwa kwa pamoja na wakishuka wanapata nafuu, zimeni gari, tokeni nje mpate hewa, na mje hospitali mkieleza juu ya gari, msiseme homa tu. Mtoto akigusa bomba la moto, mmwagilie maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Msimpake dawa ya meno wala mafuta. Na mkifika kwenye lango letu usiku, hata kama mmebeba mgonjwa mahututi, hakuna haja ya kukanyaga mafuta ili mlinzi asikie. Washeni taa mara mbili, atafungua.