Punia: msumari wa mbao si msumari wa bati

Muuzaji anayechanganya misumari yote katika kopo moja na kusema "ni ile ile" anadanganya watu wa Punia. Msumari wa mbao una kichwa kidogo: upepo ukivuta, bati linaruka, msumari unabaki kwenye mti. Wa bati una kofia pana, na ule mzuri una mpira chini yake unaoziba tundu, maji yasipite. Visi ina meno: haipigwi nyundo, inazungushwa.

Mvua ya Maniema haina huruma. Familia iliyokimbia vita inanunua bati moja moja. Kuiuzia msumari usiofaa ni kuikimbiza mara ya pili. Akina mama na baba, kabla ya kulipa, tazameni kichwa cha msumari. Kikiwa kidogo, rudisheni.