Nani Aliosha Vyombo vya Mwana Kupona?

Kwa miaka mingi wahakiki wamebishana juu ya utenzi ambao Mwana Kupona binti Msham alimtungia bintiye, Mwana Hashima, mnamo 1858: je, ni wasia wa utii, au ni hila ya mwanamke anayezijua nguvu zake? Mjadala huo humtazama mke na mume, ukawasahau watumwa. Utenzi wenyewe haukuwasahau: mama anamwonya bintiye asichangamane nao ila wakati wa kazi. Nafasi ya kujipamba na ya kutunga beti ilipatikana kwa jasho la wasiotajwa majina.

Usahaulifu huo haujaisha. Muscat na Dubai, ukombozi wa mwanamke hujadiliwa sebuleni huku dada wa kazi aliyetoka Tanga au Mombasa yuko jikoni, pengine bila hata siku moja ya mapumziko. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka apewe saa 24 mfululizo za kupumzika kila juma. Mhakiki anayemnyima mtumishi wake saa hizo asimhukumu Mwana Kupona. Yeye angalau alikiri kwamba watumwa wamo nyumbani.