SHAURI LA FUNDI: Kompyuta Ikizimika, Usimpige Mtoto



Juma hili twataka kusema habari ya kompyuta ya mezani, ile ambayo kasha lake li mbali na kioo chake. Siku hizi imeingia katika baadhi ya nyumba za vijijini, katika shule zetu na katika ofisi za parokia. Kompyuta hizo zina ugonjwa mmoja uletao ugomvi nyumbani. Mtoto ameketi anajifunza. Ataka kusikiliza somo bila kuwasumbua wenzake, achomeka hedifoni, na papo hapo kompyuta yazimika. Baba aja mbio, aona kioo cheusi, na mtoto bado anazo hedifoni mkononi. Ushahidi waonekana kamili. Mtoto achapwa, hedifoni zatupwa, na kompyuta yapakiwa katika basi kwenda kwa fundi mjini.

Msomaji, kabla hujakata hukumu hiyo, sikiliza kwanza. Umeme unaotoka katika tundu la hedifoni ni mdogo mno, kadiri ya volti 1 tu. Waya za hedifoni zikigusana, sauti hukwaruza au hunyamaza, lakini si kawaida kompyuta nzima kuzimika kwa ajili hiyo. Basi ikizimika ghafula, mara nyingi kosa lilikuwamo tangu zamani, na hedifoni zimelifichua tu. Mtu akiegemea ukuta ulioliwa na mchwa nao ukaanguka, je, kosa ni la mgongo wake?

Tena yafaa ujue ni nani aliyeizima. Ndani ya kasha mna kisanduku cha chuma kiitwacho pawa saplai. Hicho hupokea umeme wa ukutani, volti 230 au 240, na kugawa umeme mdogo wa volti 12, 5 na 3.3. Kisanduku hicho ni mlinzi pia. Kikiona umeme umepiga shoti mahali fulani, chafunga mlango mara moja ili vitu visiungue. Dalili yake ni hii: ukibonyeza kitufe cha kuwasha, kompyuta haisikii, mpaka uchomoe waya wa umeme ukutani, ungoje dakika moja hivi, kisha urudishe. Ukiona hivyo, shukuru, maana mlinzi wako hakulala.

Sasa, shoti yatoka wapi? Mara nyingi yatoka mbele ya kasha. Tundu la hedifoni na matundu ya USB ya mbele, pengine, hukaa juu ya kibao kimoja chembamba. Kibao kikilegea, kila ukisukuma pini ya hedifoni chacheza, na chuma chake hugusa kasha. Au vijipini vya tundu la USB lililo jirani vimepinda, vyagusana. Na humo hupita umeme wa volti 5 utokao katika pawa saplai. Kwa hiyo mtoto amesukuma tundu hili, na shoti imepigwa katika tundu la pili.

Pengine kosa ni la mtu aliyewahi kuifungua. Waya za sauti za mbele na waya za USB za mbele huishia katika vichwa viwili vinavyofanana sana, kila kimoja kina nafasi za pini 9. Tofauti ni mahali palipoachwa bila tundu. Fundi mwenye haraka aweza kukisukuma kimoja mahali pa mwenzake kwa nguvu, na kompyuta ikawaka vizuri mpaka siku utakapochomeka kitu mbele. Haraka haraka haina baraka.

Sababu ya pili ni umeme unaokaa mwilini mwa mtu. Wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, mtu aliyevaa sweta na kukaa juu ya kiti cha plastiki hukusanya umeme bila kujua. Akigusa chuma, cheche huruka, naye huhisi kama amechomwa na mwiba. Cheche hiyo ina volti elfu kadhaa, ingawa ni ya kitambo kidogo sana. Ikipita katika pini ya hedifoni yaweza kuivuruga kompyuta ikazimika au ikajiwasha upya.

Sababu ya tatu ndiyo iliyo mbaya kupita zote: nyumba haina waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Kazi yake ni kuupeleka chini umeme uliopotea njia. Wengi tumeona plagi ya miguu miwili ikisukumwa katika soketi ya matundu matatu, na tundu la juu likafunguliwa kwa kalamu au kijiti. Tundu lile la juu ndilo la ethi! Kompyuta isiyo na ethi yaweza kuwa na umeme juu ya kasha lake, hata kama ni nzima. Ukiligusa kwa mkono hukutekenya. Mahali penye inveta ya sola au jenereta, jambo hili hutokea zaidi, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyefunga ethi. Na wanakwaya wakichukua waya wa sauti kutoka kompyuta hiyo hadi amplifaya inayotumia umeme wa mahali pengine, umeme uliopotea hutafuta njia katika waya ule mwembamba. Hapo kompyuta huzimika, au huungua kabisa.

Basi fanya hivi, na hatua hizi hazina gharama.

Kwanza, tazama inazimikaje. Ikionyesha kioo cha buluu chenye maandishi kisha ikajiwasha yenyewe, huenda kosa ni la programu inayoendesha sauti. Iondoe na kuiweka upya. Ikikata ghafula kama taa iliyozimwa, kosa huenda likawa la umeme.

Pili, acha tundu la mbele. Nyuma ya kasha kuna tundu lingine la hedifoni, kwa kawaida la rangi ya kijani. Chomeka huko. Ikiendelea kuwaka, ugonjwa u mbele, nawe waweza kutumia la nyuma miaka mingi bila kununua chochote.

Tatu, kabla ya kuchomeka, gusa kwanza chuma kisicho na rangi cha kasha. Ikiwa haizimiki tena, basi ilikuwa cheche ya mwilini. Lakini ukihisi kutekenywa kila ukigusa, acha hapo hapo. Chomoa plagi, usiwaruhusu watoto kuikaribia, ukamwite fundi umeme apime ethi.

Nne, ikiwa hedifoni ni za USB, zijaribu katika kompyuta nyingine. Hizo hula umeme wa volti 5, na waya wake ukichubuka zaweza kupiga shoti zenyewe.

Tano, mtu mzima achomoe waya wa umeme, abonyeze kitufe cha kuwasha kwa muda kidogo ili umeme uliobaki uishe, kisha afungue kasha na kuchomoa kichwa cha waya za sauti za mbele, halafu cha waya za USB za mbele. Apige picha kwanza kwa simu, ili ajue kila kimoja kilikuwa wapi. Akifunga na kuwasha, kompyuta ikakaa salama hata ukitikisa upande wa mbele, mwenye kosa amepatikana.

Lakini pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake umeme hukaa kwa muda, nao waweza kuua. Wala usikubali fundi akuuzie pawa saplai mpya kabla hajajaribu tundu la nyuma mbele ya macho yako.

Wazazi wapenzi, kuharibika kwa chombo si jambo kubwa, chombo hutengenezwa. Lililo kubwa ni mtoto kuadhibiwa kwa kosa asilolitenda, kisha akarudishwa kesho mbele ya kasha lile lile lenye umeme juu yake. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kuficha. Siku atakapotekenywa na chuma hatasema, kwa kuogopa fimbo, na pengine hatapata nafasi ya kusema tena. Lakini mtoto aliyezoea kusikilizwa atakuja mbio kwako na kusema, "Baba, kompyuta inanitekenya," na neno hilo moja laweza kuokoa nyumba nzima.

Leo jioni basi, tazama plagi ya kompyuta yako ina miguu mingapi, na umwulize mwanao kama amewahi kuhisi kitu. Mungu awalinde nyote nyumbani mwenu.