Tafuteni Hata kwa Jina la Arap

Husimuliwa kwamba benki ya kwanza ya mji huu ilijengwa pale ilipo kwa sababu ya uzito wa sefu. Mwaka 1912 meneja wa Standard Bank of South Africa aliwasili na gari la kukokotwa na ng'ombe. Sefu ikateremshwa, ikakataa kunyanyuliwa tena, na kuta zikainuliwa kuizunguka papo hapo. Tangu siku hizo ambapo mji uliitwa Sisibo, watu wa hapa wamekuwa wakiweka pesa zao katika benki na posta, katika sacco na bima, katika hisa, na sasa katika simu. Nina swali moja kwenu, wakazi wa Eldoret, ambao tangu Agosti 2024 tunaitwa watu wa jiji: mnajua zote zilipo?

Naomba mlichukue swali hili kwa uzito, kwa sababu serikali inashikilia pesa za wananchi zenye majina ya wenyewe, makumi ya mabilioni ya shilingi nchi nzima, pamoja na hisa za kampuni mbalimbali. Zilizokwisha kurudishwa kwa wenyewe ni sehemu ndogo tu. Anayezihifadhi ni Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, UFAA. Iliundwa kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2011. Sheria hiyo inasema kwamba benki, kampuni ya bima, kampuni ya simu au taasisi yoyote iliyokaa na pesa za mtu asiyeonekana kwa muda fulani haiwezi kuzifanya zake, bali lazima izikabidhi kwa Mamlaka. Akaunti ya benki ikilala miaka 5 inahesabiwa kuwa imeachwa. Gawio la hisa muda wake ni miaka 3, na pesa za kwenye simu ni miaka 2. Kila mwaka, ifikapo Novemba mosi, taasisi hizo hutakiwa kupeleka orodha na fedha zenyewe.

Zikifika huko hazigeuki kodi. Huwekwa katika mfuko wa amana na kuwekezwa, hasa katika hati za dhamana za serikali, na mwenyewe ana haki ya kuzidai hata baada ya miaka mingi. Kuzitafuta ni bure na kuzidai ni bure.

Pengine unajiuliza ni mtu gani husahau pesa zake. Angalia historia ya mji wetu. Rivatex, kiwanda cha nguo, ilikuwa ikiajiri maelfu ya watu kabla haijafungwa, na baadaye, mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Moi kikaichukua. KCC, kampuni ya maziwa, iliyumba mwishoni mwa miaka ya 1990. Kampuni ya miwati, EATEC, iliuza mashamba yake na watu wake wakatawanyika. Mfanyakazi aliyefunguliwa akaunti ya mshahara na mwajiri wake, kiwanda kikafungwa, naye akarudi Nandi au Bungoma au Kakamega, hakwenda benki kuaga. Aliacha salio dogo akidhani makato yatalimaliza. Mwingine alikuwa na bima ya maisha iliyokatwa kwenye mshahara kila mwezi, na hajui iliishia wapi.

Kisha ikaja Januari 2008, na ghasia za baada ya uchaguzi. Sihitaji kuwasimulia, wengi wenu mlikuwepo. Watu waliondoka mjini kwa malori bila hata viatu, na vitabu vya benki, hati za hisa na funguo za sanduku la posta vikateketea pamoja na nyumba. Miezi michache tu baadaye, wakati mahema bado yamejaa kwenye uwanja wa maonyesho, Wakenya walikuwa wakipiga foleni kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja. Wengi walipewa pungufu ya walizoomba na salio likatakiwa kurejeshwa. Hebu fikiria mtu aliyenunua hisa zile akiwa ametoka kuhama, akaandika anwani ya sanduku la posta ambalo hangelifungua tena.

Ninaamini sanduku la posta ndilo lililopoteza pesa nyingi za watu wa hapa kuliko kitu kingine chochote. Sheria inaitaka taasisi imwandikie mwenye mali kwa anwani yake ya mwisho kabla ya kuikabidhi kwa Mamlaka. Barua inaandikwa, inatumwa Eldoret 30100, inaingia katika sanduku ambalo ada yake haijalipwa tangu mzee astaafu, au la shule aliyofundisha mama kabla hajahamishwa. Sheria imetimizwa na mwenyewe hakusikia lolote.

Basi tutafuteni. Katika simu yoyote, hata ile ya vibonye, piga *361# na ufuate maelekezo. Mwenye intaneti aingie ufaa.go.ke, kuna sehemu ya kutafuta. Anayependa kuongea na mtu ana kwa ana aende Huduma Centre na kuulizia huduma za UFAA. Ukikuta jina lako utajaza fomu ya madai na kuambatisha nakala ya kitambulisho pamoja na ushahidi wa akaunti yako ya sasa, kisha utasubiri. Kusubiri kwenyewe kunaweza kuchosha, kwa hiyo weka nakala ya kila karatasi uliyotoa.

Hapo kwenye jina ndipo watu wetu wengi hukwama, na ndipo ningependa tutulie kidogo.

Mzee aliyeajiriwa mwaka 1968 huenda aliandikwa na karani kama arap Koech, yaani mwana wa Koech, basi. Kitambulisho chake kikaja na jina la ubatizo, Kiplagat katikati, na Koech mwishoni. Kwenye bima ameandikwa Koech bila herufi e, na kwenye ushirika wa maziwa ni K. Koech. Mkewe alifungua akaunti ya posta akiwa msichana, Jepkosgei binti fulani, na leo karatasi zake zote zina jina la mume. Cherono na Jerono huweza kuwa mtu mmoja, kutegemea ni karani gani alikuwa dirishani siku hiyo. Wala si Wakalenjin tu. Mzee wa Langas aliyetoka Vihiga, mama wa Munyaka aliyezaliwa Nyeri na familia ya Kihindi iliyouza duka mtaa wa Oloo nao wana majina yaliyopinda njiani. Kwa hiyo ukitafuta mara moja, ukaambiwa hakuna kitu, usifunge simu. Tafuta kwa jina la zamani, kwa tahajia ya makosa, kwa namba ya kitambulisho cha zamani ikiwa bado unaikumbuka, na utafute hata kwa jina la arap. Ikiwa majina yanatofautiana na kitambulisho, wakili au kamishna wa viapo anaweza kukuandalia kiapo kinachosema kwamba watu hao wawili ni mtu mmoja.

Majina haya anayeyajua ni mzee mwenyewe, wala si Mamlaka wala kijana mwenye simu janja. Ndiyo maana wito huu nawaelekezea hasa watoto na wajukuu: kaeni na wazee wenu mkiwa na daftari. Waulizeni walifanya kazi wapi, mshahara ulipitia benki gani, walinunua hisa za nani, nani aliwauzia bima. Kumbukeni pia kwamba benki hubadili majina. Kitabu cha Barclays leo ni habari ya Absa, na NIC na CBA ziliungana mwaka 2019 zikawa NCBA. Mzee akikutajia benki usiyoijua, usimwone amechanganyikiwa.

Najua tunachokikwepa hapo. Katika nyumba zetu nyingi, kumuuliza baba habari za pesa zake ni kama kumuuliza atakufa lini. Naye kwa upande wake huona kwamba akisema, vijana watapima ardhi kwa macho. Usiri huo, kwa maoni yangu, umewanyima wajane wa Uasin Gishu mali nyingi kuliko wezi wote wa mji. Basi muulize kwa heshima na mchana kweupe, mama akiwepo na ndugu zako wakiwepo, na umwache ashike daftari lake mwenyewe. Namba ya siri usiiombe kamwe.

Kwa aliyekwisha kufariki, njia ni ndefu zaidi, lakini ipo. Mtoto hawezi kulipwa kwa kuonyesha cheti cha kifo tu. Kwa kawaida lazima mahakama imtambue msimamizi wa mirathi. Familia huanza kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwatambua warithi wote, kisha hupeleka ombi katika mahakama ya hakimu au Mahakama Kuu, na zote mbili tunazo hapa Eldoret. Tangazo hutoka katika gazeti rasmi la serikali na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kwa kawaida hupita miezi 6 tangu hati itolewe ndipo ithibitishwe na mali igawanywe. Kwa mirathi ndogo, familia zinaweza kumwendea Msimamizi wa Umma wa mali za marehemu, aliye chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu.

Hapa pesa iliyopatikana huweza kuvunja nyumba. Kwa hiyo semeni mapema, kabla hundi haijaja, sheria inasema nini. Sheria ya Urithi haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, wala binti aliyeolewa na ambaye hajaolewa. Marehemu akiwa na wake zaidi ya mmoja na hakuacha wosia, mali hugawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto wa kila nyumba, na mjane aliye hai huhesabiwa pamoja nao. Anayemficha dada yake katika barua ya chifu anajitafutia kesi, na kusema kweli anastahili kuipata.

Nisiwadanganye pia kuhusu kiasi. Wengi mtatafuta na kukosa. Wengine mtakuta shilingi mia nne za simu iliyopotea, na nauli ya kuzifuata itazidi pesa zenyewe. Kama ni yako mwenyewe na unaweza kuidai bila kuondoka nyumbani, idai. Kama inahitaji mirathi, na hakuna mali nyingine ya marehemu inayongoja, pigeni hesabu kwanza. Lakini mirathi ikifunguliwa kwa ajili ya shamba, ambayo familia nyingi zimeiahirisha tangu mazishi, hakikisheni akaunti na hisa za marehemu zimeandikwa humo humo.

Na jihadharini. Kuna watakaowapigia simu wakisema wameona jina lenu na wanahitaji kitu kidogo cha kufungua faili. Kateni simu. Mamlaka haidai ada ya kukurudishia mali yako, na anayejiita wakala wake mjini anatafuta mtaji.

UFAA haishiki kila kitu. Aliyekuwa na amana katika benki iliyoanguka aulize Shirika la Bima ya Amana, KDIC. Michango ya hifadhi ya jamii hudaiwa NSSF kwenyewe, na wapo wazee waliokatwa miaka mingi ambao hawajawahi kuuliza. Wale ndugu zetu waliokwenda Marekani kwa mbio na masomo, wakafanya kazi huko kisha wakarudi kulima ngano, wajue kwamba kule kila jimbo lina ofisi yake ya pesa zisizodaiwa. Mshahara wa mwisho au amana ya nyumba ya kupanga huweza kuwa bado inangoja huko, na kutafuta katika orodha hizo ni bure.

Sasa niwaombe wenye sauti. Machifu, katika baraza lijalo, baada ya habari za mbolea, tajeni *361# mara mbili, polepole, watu waandike. Wachungaji, mapadri na maimamu, dakika moja katika matangazo inatosha. Kina mama wa chama, siku ya mkutano kila mmoja aje na kitambulisho, na mkimaliza kuhesabu michango mtafutiane majina. Walimu wakuu, waandikieni walimu wenu waliostaafu. Nanyi wanafunzi mnaorudi nyumbani likizo ndefu, mna simu na mna muda: ombeni meza moja nje ya kanisa Kapsoya, Huruma, Langas au Kapseret, Jumapili moja tu, na mkae hapo ibada ikiisha. Mzee akija, mpeni kiti kwanza. Halafu mwulizeni majina yake yote, kuanzia lile alilopewa na bibi yake.